Slabu Iliyomlowesha Mjomba

Ilikuwa Ijumaa, vuli imepamba moto, na mjomba amevaa kanzu nyeupe pe iliyopigwa pasi ikanyooka. Alitoka ndani kwenda msikitini. Akashuka barazani, akapiga hatua mbili, na ya tatu akakanyaga slabu iliyo jirani na pipa la maji. Upande mmoja ukazama, wa pili ukainuka, na mwanyani yakachupa maji ya tope, yakampata kuanzia kifundo cha mguu mpaka gotini. Wajukuu wawili waliokuwa wamekaa barazani wakaziba midomo kwa viganja. Kucheka walicheka, lakini kwa mabega.

Nyumba yenyewe iko Likoni, ng'ambo ya feri ukitoka kisiwani Mombasa. Ua wake umetandikwa slabu za saruji, zile za futi mbili kwa futi mbili. Watu wa nyumba hiyo walijua kuwa slabu ya pipani inacheza, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kuikwepa: Bibi aliizunguka, watoto waliiruka, mjomba kwa kawaida alipita pembeni. Siku hiyo alikuwa amechelewa.

Si kwamba haikuwahi kutengenezwa. Mwaka uliotangulia kijana mmoja alikuja na kopo la saruji iliyokorogwa, akaijaza kwenye mianya pande zote nne, akailainisha kwa kidole, akachukua pesa yake akaenda. Ikawa nzuri kuitazama. Mvua za masika ziliponyesha, ule ukingo wa saruji ukakatika vipande vipande kama biskuti, na slabu ikaendelea kucheza.

Hapo ndipo nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu kijana yule alikosea jambo ambalo hata wakubwa wengi hulikosea. Aliitibu slabu, na slabu haikuwa na ugonjwa wowote. Nzima, haina ufa. Ugonjwa ulikuwa chini yake.

Mmeshaona mafiga? Chungu kikikalia mafiga matatu hakichezi. Hata figa moja likiwa fupi, chungu kitainama upande, lakini kitatulia pale pale kilipoinamia. Weka figa la nne, na hapo kazi inaanza, maana likipungua kidogo tu kuliko wenzake chungu kinapata mahali pa kuyumbia. Slabu nayo ina pembe nne. Ardhi iliyo chini ya pembe moja ikishuka, slabu inabaki imeegemea zile zilizosimama, na kila anayekanyaga ile pembe tupu anaizamisha.

Na kwa nini ardhi ishuke? Kwa sababu ya maji, karibu kila mara. Mvua inapenya mwanyani, inajaza ule uwazi ulio chini ya slabu. Mtu anakanyaga. Slabu inashuka na kuyabana yale maji, nayo hayana pa kukimbilia ila kule yalikoingilia, kwa hiyo yanaruka juu kwa kasi. Lakini tope lile lililoharibu kanzu ya mjomba lilikuwa nini? Lilikuwa mchanga laini wa chini ya slabu, unatolewa kidogo kidogo. Kila anayepita anautoa mwingine bila kujua, na uwazi unapanuka. Ndiyo maana slabu inayocheza kidogo mwezi huu haitacheza kidogo mwezi ujao.

Bibi hakuita fundi wiki ile. "Mvua hii hata fundi atalowa," alisema. Alingoja hadi Januari, kaskazi inavuma, ardhi imekauka, na katika hilo nakubaliana naye kabisa. Kutandika slabu juu ya ardhi iliyolowa chepechepe ni kujitafutia kurudia kazi.

Fundi alifika asubuhi, mzee wa makamo mwenye karai begani na mtaimbo mkononi.

"Shikamoo, fundi," wakasema wajukuu.

"Marahaba. Nyinyi ndio wenye nyumba?"

"Mwenye nyumba ni Bibi."

"Basi nyinyi ndio wasaidizi wangu. Nileteeni ndoo ya maji."

Watoto walidhani anataka kunawa. Yeye aliimwaga ndoo yote uani, polepole, karibu na baraza, kisha akachuchumaa na kutazama. Hakugusa kitu. Maji yalianza safari yao, na badala ya kwenda kule kwenye migomba mwisho wa ua, yalipinda yakarudi kuelekea ukuta wa nyumba, yakakusanyika pale pale pipani. Yakakaa. Baada ya muda yakaanza kupotea kwenye mianya ya ile slabu.

Kisha fundi akanyoosha kidole juu. Watoto wakatazama: mlizamu wa paa ulikuwa unaishia juu ya pipa, na pipa likijaa, maji yote ya paa yanamwagika hapo chini.

"Upande huu wa paa una mita za mraba ngapi? Tuseme hamsini," alisema. "Mvua ikinyesha milimita moja, kila mita ya mraba inapata lita moja ya maji. Mvua ya nguvu ya asubuhi moja inaweza kufika milimita 20. Haya, pigeni hesabu."

Mjukuu mkubwa akahesabu kwa vidole, akaacha vidole, akachora mchangani. Hamsini mara ishirini. Lita elfu moja, maji yenye uzito wa tani nzima, mahali pamoja, kwa asubuhi moja. Mimi nikisikia mtu analalamika kwamba slabu zake zilitandikwa vibaya, huwa natazama paa kabla ya kutazama slabu.

Ikaja kazi ya kuinua. Fundi alisafisha mianya kwa tindo mpaka ncha ya mtaimbo ikapata pa kuingia, akaegemea, na slabu ikanyanyuka upande mmoja. Hapo hapo akasukuma kipande cha ubao chini yake kwa mguu. Mjukuu mdogo alishapeleka mkono kusaidia, akapigiwa kelele iliyosikika mpaka jikoni.

"Vidole havitangulii ubao!"

Alikuwa na haki ya kupiga kelele. Slabu ya sentimita 60 kwa 60, yenye unene wa sentimita 5, ina ujazo wa sentimita za ujazo 18,000, yaani kama lita 18. Lita moja ya zege ina uzito wa kilo mbili na nusu hivi. Zidisheni wenyewe: ni zaidi ya kilo 40, karibu sawa na mfuko mzima wa saruji. Ikidondokea vidole haitaomba radhi. Na kuna sababu nyingine ya kutopeleka mkono gizani. Slabu iliposimamishwa wima, chini yake palikuwa na tandu mwekundu, mrefu kama kalamu, ambaye hakufurahia kufunuliwa. Nge pia hupenda mahali kama hapo. Fundi alimpisha akaenda zake.

Halafu wakaona kile alichokuwa akikitafuta. Chini ya slabu palikuwa na vibonge vitano vya saruji tu, vinne pembeni na kimoja katikati, na baina yao hakuna kitu. Mtandikaji wa kwanza alitaka kuokoa saruji, au muda, au vyote viwili. Akaweka vibonge, akailaza slabu juu, ikakaa sawa, akaondoka anapiga mluzi. Ule uwazi ukawa nyumba ya maji. Ukawa pia nyumba ya sisimizi. Walikuwapo kwa mamia, na mchanga walioubeba juu chembe kwa chembe ulikuwa umerundikana mwanyani kama kawaida yao. Bibi alikuwa akiufagia kila asubuhi bila kujua kwamba anafagia msingi wa ua wake.

Kibonge kimoja cha pembeni kilikuwa kimezama chote ardhini. Hiyo ndiyo pembe iliyomlowesha mjomba.

Fundi aliinua slabu nyingine nne, mstari mzima kutoka ukutani mpaka kwenye migomba. Watoto wakauliza kwa nini, na zile hazichezi. Akawajibu kwamba akiirudisha moja peke yake, maji yatarudi ukutani kama zamani, na vuli ijayo ataitwa tena. Si kila fundi atakwambia hivyo. Wapo wanaopenda kuitwa tena.

Alichimbua mchanga wote uliolainika mpaka akafika penye ardhi ngumu isiyobonyea chini ya kisigino. Akaleta vipande vya mawe ya tumbawe, yale wanayojengea nyumba za pwani, akavimwaga na kuvishindilia kwa gogo zito. Hapa kuna kazi ambayo haina utamu wowote wa kusimulia: kunyanyua, kushusha, kunyanyua, kushusha. Lakini mtu akiruka hatua hii, kila kitakachofuata ni mapambo.

Sasa mchanga. Bahari haiko mbali na Likoni, na mjukuu mkubwa akashangaa kwa nini fundi ameagiza mchanga wa mtoni kwa lori na wakati ufukwe umejaa mchanga wa bure. Fundi akamwambia ule una chumvi. Chumvi huvuta unyevu, na baadaye hutokeza juu ya saruji kama unga mweupe. Penye nondo ndiyo mbaya zaidi, maana huzila kwa kutu. Tena ufukwe ukichotwa mchanga, bahari husogea kuja kuufidia.

Hata mchanga wa mtoni hakuuamini hivi hivi. Alichukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, akatia mchanga nusu, akaongeza maji na chumvi kidogo ya jikoni, akampa mjukuu mdogo aitikise kwa nguvu zake zote. Wakaiweka chini kivulini wakaenda kunywa chai. Waliporudi, mchanga ulikuwa umetulia chini, na juu yake umelala utando mwembamba wa udongo wa kahawia, mwembamba kuliko unene wa ukucha. Fundi akaridhika. Utando ule ungekuwa mnene, mchanga ungerudishwa, kwa sababu udongo huzizunguka chembe za mchanga na kuzuia saruji isizishike. Mafundi wasio na chupa husugua mchanga viganjani: mikono ikibaki na tope, haufai. Jaribuni nyumbani, ila chumvi ya Bibi mwombe kwanza.

Kuchanganya hakuwaruhusu watoto waguse, hata kidogo. Saruji mbichi inaunguza ngozi, na inaunguza kimya kimya, huhisi kitu mpaka jioni. Yeye mwenyewe alivaa glavu na viatu vya mpira, na karibu yake aliweka ndoo ya maji safi ya kunawia. Karai moja ya saruji kwa karai nne za mchanga, akachanganya vikavu kwanza mpaka rangi ikawa moja, ndipo akanyunyiza maji. Maji machache kuliko watoto walivyotarajia. Aliteka konzi akaibana, akafungua mkono: tonge likabaki limeshikana, na hakuna tone lililotiririka. Akaligonga kidogo, likakatika pande mbili safi. Hiyo ndiyo dalili. Mchanganyiko ukiwa uji, slabu itazama kwa uzito wake. Ukiwa vumbi, hautashika.

Kisha akatoa mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, mrefu kama mita tano, akaujaza maji.

Nimesubiri kufika hapa tangu mwanzo. Kifaa hiki hakina betri, hakina skrini, na nyumba nyingi za pwani zimekaa sawasawa kwa sababu yake. Mjukuu mkubwa alishika ncha moja ukutani, mdogo akashika nyingine kule kwenye migomba, kila mmoja amesimamisha ncha yake kando ya kigingi. Maji yakapanda, yakashuka, yakayumba, mwisho yakatulia. Maji yaliyo ndani ya mpira mmoja hujisawazisha yenyewe: hata ncha hizi ziwe katika vyumba viwili tofauti, kimo chake ni kile kile. Wakatia alama kwa penseli pale maji yalipokomea, huku na huku. Alama mbili zile zilikuwa sawasawa kabisa, kuliko jicho lolote lingeweza kukisia.

Lakini ua haukutakiwa uwe sawasawa. Ulitakiwa uiname kidogo, kutoka ukutani kwenda nje, sentimita moja na nusu kwa kila mita. Mstari ule wa slabu tano ulikuwa na mita tatu. "Tushushe ngapi kule kwenye migomba?" Mjukuu mdogo akatangulia safari hii: nne na nusu. Fundi akapima sentimita nne na nusu chini ya alama ya mbali, akafunga uzi kutoka kigingi hadi kigingi, akauvuta ukakaza mpaka ukalia ulipoguswa. Mwinamo huo ukisimama juu yake huuoni, wala chai haimwagiki mezani. Maji yanauona.

Mambo haya pwani hayakuanza na mfuko wa saruji. Ukienda Gedi, yale magofu ya mji wa kale karibu na Watamu ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, utakuta nyua na mifereji ya kutolea maji kati ya kuta za mawe ya tumbawe. Waliojenga pale walitumia chokaa, na mji ulihamwa katika karne ya 17, yaani zaidi ya miaka mia moja kabla Joseph Aspdin wa Uingereza hajasajili uvumbuzi wa saruji aliyoiita ya Portland, mwaka 1824. Maji waliyapangia njia hata hivyo.

Turudi Likoni. Fundi alitandaza ule mchanganyiko, unene wa vidole viwili vitatu, mahali pote pa slabu, hakuacha hata pembe. Akausawazisha kwa ubao ulionyooka, ukakaa juu kidogo kuliko kimo cha mwisho, maana ungeshuka utakapogongwa. Alichovya brashi kwenye rojo la saruji na maji, akapaka mgongo wa slabu ili ushikane na kitanda chake. Yeye na kijana wa jirani wakailaza kwa pamoja. Haikutupwa wala kuburutwa.

Ndipo nyundo ya mpira ikaanza kazi. Aligonga katikati, akagonga pembe, akatazama uzi, akaweka pimamaji, akagonga tena. "Sikilizeni," aliwaambia watoto, akagonga slabu moja ya zamani upande wa pili wa ua: ikatoa sauti ya mlango wa kabati, ko, ko. Akagonga ile aliyoilaza upya: du, du, sauti fupi iliyojaa. Kuanzia hapo wajukuu walizunguka ua mzima na kipande cha ubao, wanagonga kila slabu na kupiga kelele "ko!" au "du!" Walipata ko saba. Bibi akasema za mwaka kesho.

Ko mojawapo ilikuwa chini ya mwembe, imenyanyuliwa na mzizi. Fundi alikataa kuukata. Mzizi mnene kama mkono ndio unaoushikilia mti usimwangukie mtu siku ya upepo, akasema, na slabu ni rahisi kuliko mwembe. Waliiondoa tu, wakaacha udongo wazi.

Kuna watu watauliza: lazima saruji? Hapana. Ua mwingi umetandikwa juu ya mchanga mtupu ulioshindiliwa, na kwa mahali wanapopita watu tu, bila gari, mimi naupenda zaidi. Maji yanapenya, na slabu ikilegea unaiinua, unajaza mchanga, unairudisha, kazi ya asubuhi moja. Kosa ni kuchanganya. Slabu moja ikikalia saruji na jirani zake wakakalia mchanga, jirani watashuka na yeye atabaki juu, na vidole vya miguu vitaijua.

Jua la Januari lilikuwa kali, na fundi akaagiza magunia. Aliyalowesha akaifunika kazi yote. Watoto walifikiri anachelewesha ikauke. Lakini saruji haigumuki kwa kukauka. Inagumuka kwa kuungana na maji, na jua likiyanywa maji hayo mapema, itabaki dhaifu yenye kumumunyuka. Kazi ya wajukuu ikawa kuyalowesha magunia asubuhi na jioni, na kumfukuza kila anayetaka kupita. Siku mbili hakuna aliyekanyaga. Siku ya tatu fundi alirudi kujaza mianya, akaikandamiza kwa mwiko mpaka ikashiba, akafuta uchafu juu ya slabu kwa sponji kabla haujashika.

Bado mlizamu. Aliuunganisha na bomba lililofukiwa ardhini, likapeleka maji ya ziada kwenye shimo kule kwenye migomba, mbali na ukuta. Shimo lenyewe likajazwa mawe ya tumbawe, maji yaingie na kunyweka taratibu kwenye mchanga wa chini. Migomba haina ugomvi na maji.

Wakati wa malipo Bibi alikaa vizuri kwenye kiti chake.

"Fundi, nusu ya kazi hii wamefanya watoto. Bei nayo iwe nusu."

"Bi Mkubwa," akasema fundi, "nusu yao hiyo unadaiwa wewe, si mimi."

Bibi akacheka, akamhesabia pesa yake kamili, kisha akaingia ndani akatoka na sinia ya mahamri na mbaazi, akaiweka mbele ya wajukuu. Mdogo aliitazama ile sinia, akamtazama Bibi, akataka kujua kama hayo ni malipo au ni chai ya kawaida tu.